Nyama ya Ijumaa kwenye Mizani ya Mwalimu Asenath

Mwalimu Asenath Muhonja alikuwa mwanamke wa kupenda kimya. Katika shule ya Taji la Elimu, iliyobanwa kati ya duka la saruji na kanisa la mabati katika mtaa wa Umoja, darasa lake la Gredi ya Nne ndilo lililosifika kwa utulivu. Ukipita dirishani ungedhani watoto wamelazwa hospitalini. Hata waliokohoa walikohoa kwa adabu. Mwalimu aliandika ubaoni kwa mwandiko ulionyooka kama shuka la hotelini, watoto wakanakili, kengele ikalia, na siku ikahesabiwa kuwa imekwenda salama.

Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyofundishwa. Alizaliwa Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji, na baba yake, mtu wa reli, aliamini kwamba mtoto ana viungo viwili tu vya kujifunzia: masikio ya kusikia na makalio ya kukumbushwa. Shuleni kwao vipimo vilikaririwa kwa wimbo. Gramu elfu moja ni kilo moja, kilo elfu moja ni tani moja, lita moja ya maji ni kilo moja. Asenath aliuimba vizuri hata akatunukiwa sahani ya bati mbele ya shule nzima. Lakini mizani yenyewe hakuwahi kuishika. Alipokuwa mke wa Wafula, mfanyakazi wa kiwanda cha magodoro, alikwenda sokoni na macho yake, akapunjwa viazi, akarudi nyumbani, na kesho yake akasimama mbele ya darasa kufundisha uzani.

Kisha mtaala ukabadilika. Serikali ikasema mtoto ajifunze kwa kutenda, na neno hilo lilipomfikia mwenye shule, Madam Jecinta, lilimpendeza mno. Madam Jecinta alikuwa ameanza maisha kwa kuuza mapazia, na kusema kweli biashara hiyo hakuiacha. Aliamini kwamba kazi ya shule ni kutundikwa vizuri mbele za watu. Siku hiyo hiyo alimwita fundi wa rangi, na ukutani, juu ya picha ya tai anayeruka na vitabu, pakaandikwa: TUNAJIFUNZA KWA MIKONO. Rangi ilipokauka akampeleka Asenath kwenye semina.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa hoteli. Mwezeshaji, kijana wa tai nyembamba, alisimama mbele tangu asubuhi hadi jioni akisoma slaidi moja baada ya nyingine kuhusu madhara ya mwalimu kusimama mbele na kusoma. "Mtoto husahau anachoambiwa," alisema, na walimu wote wakaandika maneno hayo wasije wakayasahau. Baada ya chakula cha mchana nusu ya ukumbi ilisinzia. Jioni walipigwa picha wakiwa wameshika penseli za rangi, wakapewa vyeti vilivyothibitisha kwamba wamejifunza kwa vitendo, wakaenda zao.

Jumatatu Asenath alibisha mlango wa ofisi. Nyuma ya meza ya Madam Jecinta palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake darubini, tufe la dunia na mizani ya shaba inayong'aa kama kengele ya kanisa. Wazazi wapya walipitishwa hapo kwanza, kabla ya kuonyeshwa vyoo.

"Madam, naomba ile mizani. Tumefika mada ya uzani."

"Uifanyie nini?"

"Watoto wapime."

"Wapime?" Madam Jecinta aliligeukia kabati kama mama anayemlinda mwanawe. "Na wakiivunja? Asenath, hiyo ni mizani ya kuonyesha. Tumia vifaa vya mazingira, si ndivyo mtaala unavyotaka? Na jitahidi. Siku ya wazazi imekaribia, nataka waione hiyo furaha ya kujifunza kwa macho yao."

Asenath, ambaye hakuwahi kumjibu mkubwa wake zaidi ya "Sawa, Madam," alisema sawa, Madam. Akarudi nyumbani na kuanza kuzikusanya hanga za nguo. Alifunga nyuzi huku na huku, na kwenye kila uzi akaning'iniza kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia kilichotobolewa kwa msumari.

"Mama Marion," akasema Wafula, akilitazama rundo la mashati yake kitandani, "hizi nguo zangu zitatundikwa wapi?"

"Zikunje, Baba Marion. Hanga zimeajiriwa."

Wafula alicheka, na kesho yake akamletea kutoka kiwandani kipande cha sponji kikubwa kuliko kichwa cha mtu. "Wapimishe na hiki," alisema. "Utaniambia."

Mpango wa Asenath ulikuwa wa amani kabisa. Kila mtoto angekuja mbele kwa zamu, angetazama mizani bila kuigusa sana, angesema "nzito" au "nyepesi," kisha angerudi kuketi na kunakili. Mpango huo ulikufa pale pale alipoweka sponji ya Wafula mezani, na kando yake nati moja ya lori ambayo Owen, mwana wa fundi magari, alikuwa ameitoa mfukoni.

"Kipi kizito?" aliuliza Mwalimu.

"Sponji!" darasa zima likajibu.

Owen akaitia nati kwenye kifuniko kimoja, na msichana mmoja mwembamba aitwaye Jacky akakibembeleza kile kidubwana cha sponji juu ya kifuniko cha pili. Nati ikashuka puu. Sponji ikapanda juu, ikayumba, ikaanguka.

Kelele iliyozuka hapo haikuwahi kusikika Taji la Elimu. "Manze! Sponji imelambwa!" "Zii, Owen amefinya na kidole!" "Sijafinya! Rudia uone!" Wakarudia. Nati ikashinda tena. Sasa kila mtoto alitaka kushindanisha kitu chake, au kimojawapo cha vile Mwalimu alivyoleta kutoka jikoni kwake. Kiatu kikapambana na kabichi. Kitunguu kikapambana na saa ya ukutani. Mvulana mmoja aliinama ajaribu kukitia kichwa chake kwenye kifuniko, kwa hoja kwamba mama yake humwambia kila siku ni kizito.

Mlangoni akatokea mwalimu wa darasa jirani, macho yamemtoka. "Asenath, ni moto?"

Asenath aliinua mkono kuwanyamazisha watoto. Mkono ulikuwa umeshafika hewani alipoona kwamba Jacky ameweka pakiti ya chumvi ya nusu kilo upande mmoja na chupa ya maji ya nusu lita upande wa pili, na hanga imetulia karibu sawasawa, inatikisika kidogo tu kama mtu anayefikiri. Mwalimu alikuwa ameimba habari za lita na kilo tangu utotoni. Sahani ya bati alipewa kwa sababu ya wimbo huo. Lakini jambo lenyewe alikuwa hajaliona kwa macho. Akapiga magoti sakafuni, sketi ya heshima na yote, akaisogelea ile mizani.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe ni kweli!"

"Ulidhani ni uongo, Ticha?" aliuliza Jacky.

Asenath alicheka, kicheko kilichowashangaza watoto kuliko ile sponji, maana wengine hawakujua kwamba ana meno upande wa nyuma. Kengele ilipolia hakuna aliyeisikia. Na alipowaambia wakatengeneze mizani nyumbani, wapime chochote watakachokikuta, walitoka mbio kama ng'ombe waliofunguliwa zizini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, kutegemea ulisimama upande gani wa kaunta.

Owen alitumwa na mamake sukari ya nusu kilo dukani kwa Shitanda. Shitanda huyu alikuwa mtu mzito mtaani: mwenye duka, mzee wa kanisa, na zaidi ya hayo mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya Taji la Elimu. Sukari alikuwa akiifunga mwenyewe kwenye karatasi za kaki, usiku, na moyo wake ulikuwa mwepesi, na mkono wake pia. Owen aliitia ile sukari kwenye mizani yake, akaweka pakiti ya chumvi ya nusu kilo upande wa pili. Sukari ikapanda juu kama sponji. Baba yake, Ndung'u, akaongeza sukari ya nyumbani kijiko kwa kijiko mpaka hanga ikatulia. Vijiko vikawa vingi. Asubuhi Owen aliyasimulia hayo darasani, na watoto wengine wakaruka: hata kwetu! Hata sisi! Mtaa mzima, kumbe, ulikuwa ukinywa chai ya nusu kilo isiyofika.

Kabla ya saa za chai Shitanda alikuwa ofisini.

"Madam, shule hii inafundisha watoto utovu wa nidhamu!"

"Wamefanya nini, Mwenyekiti?"

"Wamepima sukari yangu!"

Asenath aliitwa. Alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Sukari hukauka, Mwalimu," Shitanda alimweleza kwa uchungu wa haki. "Inatoka kwenye gunia ikiwa na unyevu, inakaa, inakauka. Hiyo ni sayansi. Kwa nini hukuwafundisha sayansi?"

"Asenath," akasema Madam Jecinta, "nilikuagiza wajifunze kwa vitendo. Sikukuagiza wajifunze vitendo vya watu."

Kuanzia siku hiyo Madam Jecinta alilishika somo kwa mkono wake mwenyewe. Kila mchana alikuja darasani kuifanyia mazoezi ile furaha. Vitu vya kupimwa viliamuliwa: tofaa moja na chungwa moja, vilivyochaguliwa sokoni hadi vikalingana. Mtoto mmoja ataweka tofaa, mwingine ataweka chungwa, mizani itatulia. Hapo Madam atapiga makofi mara moja, na watoto wote, kwa sauti moja, watasema "Waaau!" wakiwa wameinua mikono na kutabasamu.

"Mnaonekana kama mko matangani!" aliwakemea. "Tena! Furaha! Wewe wa nyuma, meno!"

Makofi. "Waaau!"

"Haya, hiyo sasa ndiyo kugundua."

Wakagundua mara nyingi, mpaka tofaa likachoka na kupata doa jeusi. Asenath alisimama pembeni na kutazama. Zamani angeridhika: watoto wako kwenye mistari, sauti ni moja, hakuna fujo. Sasa alihisi kama mtu aliyeonja chumvi halafu akarudishiwa uji mtupu. Kisha Ijumaa, wakati wa chakula, aliwakuta watoto wake wamekusanyika kwenye kona ya darasa, na katikati yao hanga imening'inizwa. Upande mmoja palikuwa na kipande cha nyama.

Kile kijitabu cha rangi ambacho Madam Jecinta aliwagawia wazazi kilisema kwamba Taji la Elimu huwapa wanafunzi nyama ya kutosha kila Ijumaa. Jacky alikuwa ameitoa yake kwenye sahani, akaikamua mchuzi kwa haki, akaipambanisha na raba ya kufutia penseli. Raba ilishinda.

Mwalimu mwenye busara angewatawanya. Asenath alitazama huku na huku, akainama.

"Jaribuni vifuniko vya soda," alinong'ona.

Siku ya wazazi ikafika. Hema lilisimamishwa uwanjani, viti vikavishwa vitambaa, na spika ikakoroma. Shitanda aliketi mstari wa mbele kama mwenyekiti, suti imembana. Ndung'u alikuja na mkono wenye oili aliyokuwa ameisugua bila mafanikio. Nyanya yake Jacky, Bi Wavinya, aliyemlea mjukuu huyo tangu akiwa mchanga, aliketi karibu na jukwaa kwa sababu ya masikio yake. Madam Jecinta alihutubia juu ya karne ya ishirini na moja mpaka ikakaribia kuisha.

Kisha Gredi ya Nne wakapanda. Tofaa likawekwa, doa likiwa limegeuziwa nyuma. Chungwa likawekwa. Mizani ikatulia. Makofi ya Madam. "Waaau!" Wazazi wakapiga makofi, simu zikainuliwa, na yote yangeishia hapo kama Bi Wavinya hangekuwa mtu wa kupenda kuuliza.

"Vizuri sana, mama," alimwambia mjukuu wake, kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri. "Na ni matunda tu mnapima? Mmepima nini kingine?"

Jacky alimtazama Mwalimu Asenath. Asenath alikuwa amesimama kando ya nguzo ya hema. Alijua jibu. Angeweza kutikisa kichwa, au kukohoa, au kusema watoto washuke sasa. Kitu kidogo kama hicho, na kazi yake ingebaki palepale kwenye msumari wake. Kisha, bila kujua ameamua saa ngapi, akakubali kwa kichwa.

"Tumepima nyama ya Ijumaa, nyanya," akasema Jacky.

"Ilikuwaje?"

"Ilishindwa na raba. Ikatoshana na vifuniko vitatu vya soda." Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa kupenda ushahidi, akavitoa vifuniko hivyo mfukoni na kuviweka kwenye kiganja chake, watu waone.

Shitanda ndiye aliyecheka kwanza, tena kwa nguvu, akijipiga paja, kwa furaha ya mtu anayeona mvua inanyesha kwa jirani.

"Na nusu kilo ya sukari ya kwa Mzee Shitanda pia," akaongeza Owen, asije mtu akasema somo limebaki nusu, "haifiki."

Kicheko cha Shitanda kilikatika katikati. Madam Jecinta, kwa kutaka kuyazima yote hayo kwa shangwe, alipiga makofi makubwa. Na watoto, waliofunzwa wakafunzika, wakainua mikono, wakatoa meno hadi ya nyuma, wakapaza sauti kwa furaha isiyo na kasoro:

"Waaaau!"

Ndung'u alilia kwa kicheko. Bi Wavinya aliuliza wamesema nini, akaambiwa, akaanza kucheka upya peke yake. Hata fundi wa spika aliweka kichwa mezani.

Wazazi walipoondoka, Asenath alikuwa amesimama tena kando ya mlango wa ofisi.

"Utawaandikia wazazi kwenye kundi la simu," alisema Madam Jecinta, bila kumtazama. "Sasa hivi. Utasema mizani ya watoto ilikuwa na kasoro."

Asenath alishika mgongo wa kiti. "Madam," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba, "kama kasoro iko kwenye mizani ya hanga, basi tupime kwa hii yako. Ikisema nyama ni nzito, nitaandika."

Labda Madam Jecinta alikuwa amechoka, au labda aliiamini shaba. Alitoa ufunguo, akafungua kabati, akaiweka ile mizani mezani kwa kishindo. Asenath akaweka vile vifuniko vitatu vya Jacky kwenye sahani ya kulia. Sahani haikushuka. Akaweka mkebe wa kalamu. Haikushuka. Akaikandamiza kwa kidole, ikagoma. Walipoinama kutazama waliona gundi, imekauka zamani, imeshikanisha sahani na mkono wake. Mizani hiyo ilikuwa imetoka katika duka la mapambo ya harusi, na Madam Jecinta aliyeinunua ndiye pekee aliyepaswa kulikumbuka hilo.

Wanawake wawili walitazamana. Asenath alijaribu kujizuia, Mungu ni shahidi. Alifumba mdomo kwa kiganja, akageukia ukuta, mabega yakatetemeka, mwishowe kicheko kikamtoka.

"Toka," alisema Madam Jecinta.

Alitoka akijua kwamba amefukuzwa. Usiku huo alimwambia Wafula, na Wafula akasema, "Basi nirudishie hanga zangu," na wote wawili wakacheka huku wameogopa.

Hakufukuzwa. Madam Jecinta alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mkurugenzi, na kesho yake walikuja wazazi kutoka mtaa wa Fedha kuulizia lile darasa la watoto wanaopima. Kabla ya wiki kuisha langoni palitundikwa bango jipya lenye picha ya Jacky na maneno: HAPA HATUFICHI KITU. Nyama ya Ijumaa ilinenepa, si sana, ila raba haikuthubutu tena kuisogelea. Shitanda alinunua mizani ya kweli, akaining'iniza mbele ya duka palipo na mwanga, akaifunga nusu kilo kamili, kisha akaipandisha bei, akieleza kwamba uaminifu nao una gharama zake. Asenath hakupewa pongezi wala mshahara zaidi. Alipewa cheo, Mratibu wa Furaha ya Kujifunza, kilichobandikwa mlangoni kwa gundi.

Muhula uliofuata mada ilikuwa ujazo. Ukipita kwenye ukumbi mwembamba wa Taji la Elimu ulivuka mto. Ndoo, sufuria, chupa ndefu za juisi na fupi za maji zilijaa sakafuni, na watoto walikuwa wameloa mpaka soksi. Siku moja Madam Jecinta alifika na wageni, amekusanya gauni lake kwa mkono mmoja lisilowe.

"Hii," aliwaambia, akiruka dimbwi, "ndiyo falsafa yangu tangu mwanzo."

Mwalimu Asenath hakumsikia. Alikuwa amechuchumaa katikati ya maji, mikono ya blauzi imekunjwa, akibishana na Owen kwamba chupa ndefu si lazima ibebe zaidi ya fupi.

"Haiwezekani, Ticha!"

"Mimina basi," alisema Mwalimu. "Mimina tuone."